Breki Nzima Nilizozitangaza Mbovu

Ndugu, nimelaaniwa, na nimestahili.

Jana nilimpigia baba simu kwa sauti nzito ya mtu wa kampuni: magari ya aina yake yanarudishwa kiwandani, breki zina hitilafu, asiendeshe. Nilitaka tu asinirudishe bwenini leo.

Baba akaamini. Asubuhi hii mama katoka kwenda kliniki kwa miguu, na miguu yenyewe imevimba. Kwa miguu, ndugu. Nilimwona dirishani akipumzika kila nguzo ya umeme.

Nikajifungia chooni, nikapiga tena: "Mheshimiwa, tulikosea. Breki zako ni nzima."

Baba akajibu, "Asante, bwana mkubwa. Sasa toka chooni, kimbia umzuie mama yako. Nakuja na gari."

Nimemkuta ameegemea nguzo. Kaniona ninavyohema, akanipa pole.