Kura Tisa za Ng'ambo ya Kijito

Jumanne, 8 Novemba 2022

Miguu inawaka moto. Masaa kumi na manne kwenye ukumbi wa chini wa kanisa, mimi na Delphine tukisimamia kura — chama changu na chama chake, kama sheria inavyotaka, chupa moja ya kahawa baina yetu. Foleni iliporefuka akaniambia nitazame orodha ya wapiga kura kabla ya kumpa mtu karatasi ya kura. Nikamjibu, "Nusu ya hawa nimewafundisha kusoma. Orodha ya nini?" Akacheka.

Jumatano, 9 Novemba

Orrin kashinda! Eneo bunge zima, na kashinda kwa kura nne! Jirani yangu, mfuga ng'ombe, anarudi bunge la jimbo mara ya tatu. Mpinzani wake, nesi Marlys Kvale, kasema redioni anasubiri tume ya kaunti ihakiki matokeo Ijumaa ya wiki ijayo. Haki yake.

Hii lazima iingie kwenye historia yangu. Mwaka wa kumi na moja huu naandika chaguzi za eneo bunge letu tangu 1950: nani alishinda, kwa kura ngapi, mpaka ulipita wapi. Ushindi mwembamba kuliko wote ulikuwa wa 1966, kura kumi na tisa, mwaka ambao karani Gudrun Aune alipitia nyumbani kukamua ng'ombe, akasahau sanduku la kura zizini. Niliandika: "Uzembe usio na msamaha." Mjukuu wake hanisalimii mpaka leo.

Ijumaa, 11 Novemba

Theluji. Nimekaa kumalizia ukurasa wa 2022. Nikaanza kuchora mipaka mipya, ile iliyotangazwa mwanzoni mwa mwaka. Kalamu ikafika kwenye kijito, ikasimama.

Zamani mpaka ulifuata barabara ya kanisa. Sasa unafuata kijito. Nyumba tano za ng'ambo si zetu tena! Wanapigia kura kwetu, lakini wana karatasi zao za eneo bunge la jirani. Bunda lao nililirudisha kaunti bila kufunguliwa, na hakuna aliyeniuliza. Niliwapa karatasi zetu, kwa mazoea.

Watu tisa. Nimewahesabu mara tatu. Wote ukoo wa mke wa Orrin. Kura ni siri, ndiyo, lakini nani hapa asiyejua walimpigia nani?

Naogopa. Sijaogopa hivi tangu mume wangu Harold alipougua.

Jumapili, 13 Novemba

Baada ya ibada Orrin alinishika mkono mbele ya watu, akasema bila Mwalimu asingeweza kusoma hata jina lake kwenye karatasi ya kura. Wakacheka. Nami nikacheka!

Mchana nimemweleza Delphine.

"Ningekuwa mtu wa chama tu, saa hizi ningekuwa redioni," akasema. "Lakini umekosea wewe, mwenzangu. Sema wewe. Nakupa mpaka Alhamisi."

Nikamwuliza watafanya nini, warudie uchaguzi? Hajui. Hata mimi. Miaka sabini ya historia, na sina mfano wa kuufuata.

Jumatatu, 14 Novemba

Nimepiga simu kaunti mara mbili, nimekata kabla haijaita. Basi barua. Ya kwanza ilisema "kulitokea mkanganyiko". Nimeichana. Ya pili: "Sikutazama orodha. Kosa ni langu." Hiyo ndiyo.

Nimefungua ukurasa wa 1966 pia. Lile neno nililoandika juu ya Gudrun nimelikata kwa wino.

Jumanne, 15 Novemba

Theluji ya magotini. Nimevaa buti za Harold, nikaitia barua kwenye sanduku la barabarani, nikainua kibendera chekundu ili tarishi ajue kuna ya kuchukua.

Saa tatu mtambo wa kaunti wa kusukuma theluji umepita, ukafukia sanduku lote, kikabaki kibendera tu. Tarishi hashuki garini. Asipolifikia, hupita. Nimefurahi! Naona aibu kuliandika, lakini nimefurahi.

Sasa trekta. Orrin. Tangu niwe mjane, theluji ikianguka tu huja kunisafishia njia, hangoji kuombwa. Kamaliza. Nilidhani anaondoka. Kashuka na koleo, anachimba kuzunguka sanduku la barua, pole pole, kama la kwake. Kibendera kilikuwa kimeinama. Kakinyoosha. Kanipungia mkono.

Gari la tarishi hilo, linakata kona ya kanisa —