Kamba za Mama Euphrasie

Alunguli, Kindu, 14 Machi 1999

Mwanangu Gédéon,

Sisi huku tunapumua. Mihogo iko, chumvi haiko. Wewe je, homa imekuachia? Na masomo ya Bukavu yanaendelea na hii vita?

Sikia. Jumanne komanda alikuja na askari kumi kutafuta gari ya marehemu baba yako, ile nyekundu ya viti viwili aliyonunua kwa Mugriki, watu wakamucheka: gari ya mashindano kwenye mashimo ya Alunguli! Nani alimuambia komanda kama iko nyuma ya nyumba, chini ya manyasi? Mwamba, mudogo wa baba yako. Tumbo moja! Alitaka wamuachie pikipiki yake.

Basi, waliikuta gari, na gari haina freni, haiwezi kusimama. Siku mbili kabla wafike nilikuwa nimeisha kufungua mipira yote minne, ile inayopeleka mafuta ya freni kwenye magurudumu. Baba yako alinifundisha. Nikamuambia komanda: "Chukua, lakini muteremuko wa kivuko uko pale, na muto Lualaba haukatai muntu." Akanipiga kofi. Wakaenda bila gari.

Wanatafuta mipira mingine. Wataitoa wapi? Treni hazifiki. Na yangu hawataiona.

Mama yako

Bukavu, 6 Aprili 1999

Mama mupenzi,

Nakusalimia kwa hofu. Homa imeisha, lakini tangu nisome barua yako silali vizuri.

Mama, wape hiyo mipira. Gari ni chuma. Baba nimeisha kumupoteza, wewe uko mumoja tu. Nakuomba kwa magoti.

Mutoto wako

Alunguli, 11 Januari 2024

Mwanangu,

Baridi ya Anvers, kwa wazungu, inasema nini? Muke wako Mamy muzima? Wajukuu? Mimi magoti yanalia, mudomo ni muzima. Najua utauliza kwa nini sipigi simu. Kwa simu unasema "ndiyo mama, ndiyo mama", kisha unafanya yako. Karatasi utaishika.

Mwamba amerudia. Amepata tajiri anayetaka gari za zamani, akaita ukoo. Wazee wakasema: gari isiyotembea ni chuma, na chuma cha marehemu ni cha ukoo. Miaka ishirini na tano naifunika, naipaka mafuta, hakuna hata mumoja aliyeleta kitambaa! Nikasimama, nikasema itatembea. Wakacheka. Wamenipa mpaka tarehe 30 Juni: niendeshe mimi mwenyewe toka nyumbani, niteremuke mpaka kivukoni, nisimame, nirudi. Nikishindwa, inauzwa.

Fundi Djo amefufua mashine. Kimebakia kitu kimoja, mipira ya freni. Ile niliyowaficha askari imekauka, ukiikunja inapasuka. Ya sokoni Djo anaikataa kabisa, anasema inavimba kabla ya mwezi kuisha. Tafuta huko mizuri. Nimetia kamba mbili ndani ya bahasha: yenye fundo moja ni kipimo cha mbele, yenye mafundo mawili ni cha nyuma. Tulipima gari ikiwa juu ya vigogo, magurudumu yananing'inia, usukani umezungushwa mpaka mwisho.

Mama yako

Anvers, 20 Februari 2024

Mama,

Huku tuko salama, watoto wanakusalimia. Mama, una miaka sabini na moja, na ule muteremuko naujua. Lakini nikikukataza utafanya mara mbili, basi nimenunua.

Kuna mipira ya kawaida, na kuna iliyovikwa nyuzi za inoksi, chuma kisichoshika kutu. Ya kawaida inatanuka kidogo ukikanyaga freni. Ya inoksi haitanuki, nguvu ya muguu inafika moja kwa moja kwenye gurudumu. Ila nyuzi zikiwa wazi zinashika muchanga na kukwaruza vitu vya karibu, kwa hiyo nimechagua ile yenye ngozi ya plastiki juu.

Nimechukua urefu ambao kitabu cha duka kinaandika kwa gari ya namna hiyo. Kamba zako zilikuwa ndefu kupita huo, nikaona Djo alikosea. Joëlle wa jirani yenu anasafiri, atakuletea.

Mutoto wako

Alunguli, 2 Mei 2024

Gédéon,

Uko muzima? Haya, sasa nisikie.

Mipira yako ni mifupi! Djo alifunga ya mbele, nikakata usukani kushoto, mupira ukanyooka karibu ung'oke. Umesahau nini? Baba yako aliinua hii gari vidole vinne, akatia springi ndefu kwa sababu ya mashimo yetu. Kitabu cha duka lako kilifika Alunguli lini? Kamba zangu zilitoka chini ya gari yenyewe!

Mwamba alikuwa anapita. Alicheka mpaka akakaa chini. "Shemeji, hata mutoto wako hakuamini." Hiyo ndiyo imenichoma, si mipira. Nimelia, ndiyo, lakini nilingoja aende kwanza.

Mwaka wa vita wewe uliniambia niwape, sikukusikia. Leo wewe unisikie mimi. Rudisha zile kamba mezani.

Mama yako

Anvers, 19 Mei 2024

Mama yangu,

Sina uso wa kukusalimia, lakini nakusalimia. Nisamehe.

Nimeenda kwa fundi anayekata mipira kwa kipimo cha muteja. Nilimupa kamba zako, nikamueleza jinsi mulivyopima. Akasema: huyu aliyepima anajua kazi. Nikajibu ni mama yangu. Ameijaribu yote kwa presha mbele ya macho yangu. Inoksi ile ile, ngozi ile ile, urefu wako.

Muambie Djo asiisokote akifunga, atie pete za shaba mupya, atoe hewa yote. Na mujaribu kwanza pahali pa tambarare, tafazali.

Mutoto wako

Alunguli, 1 Julai 2024

Mwanangu,

Nina afya kupita jana, utajua kwa nini.

Tarehe 30 nilivaa kitenge changu cha sikukuu, nikakaa mbele ya usukani. Alunguli nzima walitoka. Pikipiki zikanifuata na honi. Ukoo ulikuwa unangoja chini kabisa, Mwamba mbele yao, mikono mugongoni. Kwenye muteremuko niliiacha gari ishuke yenyewe. Nikasikia watu wa mitumbwi wanapiga kelele, "Mama, maji! Mama, maji!" Nikakanyaga. Ikasimama pale pale, hatua nne toka Lualaba! Mwamba alikuwa ameisha kukimbia, kiatu kimoja kikabakia kwenye matope. Wamama wa samaki wakapiga vigelegele.

Nikarudi mpaka nyumbani. Unafikiri iliisha? Wazee wakakaa tena. Sasa wanasema mwanamuke harithi mume wake, mimi nilikuwa mulinzi tu, gari ni ya mutoto mwanaume. Ni yako. Uandike kama unauza ao unamupa baba mudogo Mwamba aitunze. Namba yako anayo, atakupigia.

Sikuombi kitu. Komanda sikumuomba, mutoto niliyemuzaa sitamuomba. Andika unachotaka. Lakini ufunguo uko kiunoni mwangu, chini ya kitenge, na anayeutaka aje anivue nguo mbele ya watu.

Mama yako

Anvers, 15 Julai 2024

Mama,

Nimesoma barua yako nimesimama, na Mamy alipiga vigelegele jikoni mpaka majirani wakagonga ukuta.

Baba mudogo alipiga simu mara tatu. Ameniahidi nusu ya bei. Nimewaandikia wazee, na maneno yenyewe ndiyo haya: "Mimi Gédéon, mutoto wa marehemu Henri, sina gari Kindu. Ile muliyoiona kivukoni ni ya Mama Euphrasie. Anayeitaka amuulize yeye mwenyewe, na asimame pembeni ya barabara." Nimetia sahihi, nimetia na alama ya kidole.

Nafika tarehe 3 Septemba. Nitavuka na kivuko, nina mizigo miwili midogo. Kama siku ile hautakuwa na safari ingine na gari yako, naomba uje unichukue. Mafuta nitalipa mimi.

Mutoto wako