Vijiti Havichemshwi

Berks, Pennsylvania
29 Machi 1931

Mdogo wangu Tilghman,

Pokea salamu nyingi za dada yako. Natumaini zitakukuta mzima huko Ohio, na kifua kimekupa nafuu. Mimi sijambo, ila mgongo.

Barua yako nimeipata. Baba tulimzika wiki mbili zilizopita. Ardhi ilikuwa bado imeganda, wachimbaji wakatukana mpaka mchungaji akajifanya kiziwi. Umeandika kwamba unataka kuja kupiga magoti kaburini umwombe msamaha. Usije kwa hilo. Nisome kwanza.

Juzi nilitengeneza bia ya mti wa birchi, kama kila mwaka utomvu unapopanda. Nilikata vijiti vya birchi nyeusi, ile yenye gome la kunukia, nikakwaruza kimoja kimoja na kukinusa, nikavikatakata ndani ya mtungi. Utomvu niliuchemsha peke yake na asali, nikauepua, ukatulia, ndipo nikaumimina juu ya vijiti na kufunika kwa blanketi. Ulipopoa nikauchuja, nikapaka hamira kwenye kipande cha mkate uliochomwa na kukiacha kielee juu. Haya yote unayajua. Unajua pia kwamba vijiti havichemshwi, maana harufu hupaa na mvuke, pipa likabaki na maji matamu tu.

Pipa la harusi ya binamu yetu Elmina lilikuwa hivyo. Wageni walionja wakatazamana. Baba akasema mbele ya watu kwamba umemletea birchi nyeupe isiyo na harufu kwa uvivu wako, na kwamba hata ng'ombe wake ana pua kukushinda. Ukamjibu. Akakwambia ukatafute baba mwingine, nawe ukaenda, miaka kumi na tisa sasa.

Tilghman, vijiti vyako vilikuwa vyeusi na vizuri. Mimi ndiye niliyevichemsha. Nilikuwa na haraka ya kumalizia gauni langu, nikatia kila kitu kwenye sufuria moja na kuchochea moto. Nilikuona ukifunga mzigo wako nikanyamaza. Niliogopa, basi. Sina kisingizio.

Wiki yake ya mwisho nilimweleza Baba. Nilidhani atanilaani. Akaniambia, kwa Kijerumani chetu, kwamba alijua tangu siku ile, maana alipotoka zizini alikuta nyumba nzima inanukia birchi mpaka kwenye mapazia. Nikamuuliza kwa nini basi alikufukuza wewe. Akasema wewe ulikuwa mbishi, ungeondoka tu siku moja. Lakini angenifukuza mimi, nani angempikia? Kisha akaomba supu. Nikampa, tena nikampulizia ipoe.

Ukija, njoo unitukane mimi. Nitasikiliza mpaka umalize.

Nisalimie mkeo Verna na watoto, ambao sijui hata majina yao.

Ni mimi dada yako,
Lovina