Mbegu ya Mama Mwanahija

Zinga, 4 Machi 2023

Mdogo wangu Nasrin,

Assalamu alaykum. Sisi wazima, alhamdulillahi, ila shamba ndilo mgonjwa. Muhogo wa mama umeingiwa na ugonjwa wa michirizi. Majani kwa juu mazuri, ukichimba, ndani kahawia, umeoza; hata mbuzi hawautaki. Mbegu hii marehemu mama aliichagua mwenyewe mwaka baada ya mwaka, hadi Zinga nzima wakaiita Mwanahija kwa jina lake. Wewe uliondoka na pingili zake kwenda kuzisomea. Umefikia wapi?

Kaka yako,
Twalib

Uholanzi, 19 Machi 2023

Kaka Twalib,

Shikamoo. Mimi mzima, baridi tu. Nisalimie wifi Zuhura.

Kaka, tumefanikiwa! Tumehariri vinasaba vya Mwanahija: tumekiharibu kile kipande kidogo ambacho virusi vya michirizi hukitumia kuzaliana. Hatukutia kitu kigeni. Ni muhogo uleule wa mama. Miche kumi na mmoja tumeiambukiza makusudi, haikuugua.

Sasa ng'oa shamba lote uchome, usibakize hata kijiti, ugonjwa ukizidi mno usije ukaishinda hata miche mipya. Masika ya mwakani nakuletea.

Mdogo wako,
Nasrin

Zinga, 2 Juni 2024

Nasrin,

Salaam. U hali gani? Sisi tupo.

Masika yamepita. Shamba tulichoma lote. Zuhura alilia, akasema, "Bakiza hata mashina matano." Nikamwambia, "Nasrin msomi, anajua anachosema." Majirani nao wakaniuliza, nikawaambia wachome. Mzee Ibrahimu alichoma ekari mbili. Kila Ijumaa tukitoka msikitini ananishika mkono: "Twalib, mbegu lini?"

Nimjibu nini?

Kaka yako

Uholanzi, 30 Juni 2024

Kaka,

Shikamoo. Naomba barua hii iwakute wazima.

Miche imo ndani ya chupa, inastawi, lakini siwezi kuitoa. Kibali cha kuipanda huko nyumbani hakipo, na chuo kinasema mbegu iliyohaririwa ni mali yao. Nilipokuambia uchome, kibali nilikuwa hata sijakiomba. Nilidhani kitapatikana tu.

Nisamehe, kaka yangu.

Mdogo wako,
Nasrin

Msata, 11 Januari 2025

Nasrin,

Wazima sisi. Tumehamia Msata. Zuhura anawauzia madereva wa malori chai na muhogo wa kukaanga. Muhogo wenyewe tunanunua.

Mzee Ibrahimu alifariki Oktoba. Nilikwenda kuzika. Nilipochukua koleo nitie udongo, mwanawe akaninyang'anya mbele za watu: "Wewe pumzika."

Juzi wenzako wa chuo walinipigia simu. Wanataka picha ya mama waitie kwenye kitabu chao cha hiyo mbegu, eti kumheshimu. Nimewaambia hatuna. Wakikuuliza na wewe, sema hivyohivyo.

Usiniandikie tena mpaka nikuandikie mimi.

Twalib