Mbuzi wa Leo, Mbuzi wa Jana

Voi,
19 Agosti 1956

Kwa kaka yangu Obadiah,

Salamu nyingi. Desturi inanitaka niulize kama u mzima, lakini najua u mzima. Oloo, gadi wa treni ya Moshi, amekuona kwa macho yake dukani mwako, umekaa nyuma ya cherehani, umenenepa. Sisi huku hatujambo. Nyumbani Werugha ukungu umezidi mwaka huu, lakini kabichi zimekubali, ng'ombe amezaa, na Mama bado anateremka mwenyewe hadi kanisani. Hayo ndiyo ya kukufurahisha. Yanayofuata nayatoa katika shajara yangu, niliyoyaandika siku ile ile, usije ukasema natia chumvi.

Mwezi huu alifika Mzungu mmoja anayechunguza jinsi lugha za watu zinavyojengwa. Mkubwa wangu hapa shamba la mkonge alinipa ruhusa nimsaidie, kwa kuwa nimesoma sekondari na Kidawida ni lugha yangu. Sikatai, kazi ilinipendeza. Oloo alimpa sentensi za Kijaluo, na Katuku mpishi za Kikamba. Oloo alitucheka, akasema mtu amevuka bahari nzima ili afundishwe kusema mbuzi. Mzungu alinieleza kwamba Wachina hawabadilishi kitenzi, iwe jana au kesho. Kwamba Waturuki hukiweka mwisho, msikilizaji angoje. Na kwamba katika milima ya Amerika ya Kusini wako watu ambao kitenzi chao huonyesha kama msemaji aliliona jambo mwenyewe au aliambiwa tu. Kidawida alikipenda kwa sababu hakiridhiki na jambo kuwa limepita. Lazima useme kama ni la leo, la jana, au la zamani.

Jumanne tarehe 14 nilimpeleka kwa Mama. Mama alimkaribisha kwa maziwa, akamuuliza kama mama yake yu hai, na kama alimwambia atarudi lini. Mzungu alicheka, akajibu kwamba humwandikia kila Jumapili. Mama akanitazama mimi badala ya kumtazama mgeni, nami nikajua ni wewe anayekuwaza.

Tulianza na kula, tukaja kwenda, tukafika kufa. Mama akasema mbuzi wake amekufa leo. Akasema mbuzi wake alikufa jana. Ilipofika zamu ya zamani alimwacha mbuzi, akasema kwa sauti ile ile kwamba mwanawe Obadiah alikufa zamani.

Penseli ya Mzungu haikusimama. Nilimwambia kwa Kiingereza afute, mtu huyo yu hai. Akanijibu kwa upole kwamba yeye hatafuti habari za watu, anatafuta umbo la kitenzi, na umbo hilo ni zuri sana. Nilitaka kumnyang'anya karatasi. Mama akauliza tunabishania nini, nami nikamwambia yote: Moshi, duka, cherehani. Hakushtuka. Aliuliza jambo moja tu, kwamba umempa Oloo salamu gani azilete. Ningesema nini, Obadiah? Kwamba ulimshika Oloo mkono ukamsihi asiseme amekuona? Mama alingoja jibu, kisha akamwambia Mzungu aache kama alivyoandika.

Njia nzima ya kumrudisha mgeni sikumsemesha. Baadaye niliona namwonea, maana yeye aliandika alichoambiwa. Wa kuonewa hasira ni wewe. Baba tulimzika mwaka 1952 tukiangalia njia, tukidhani labda umekufa, labda umefungwa, na kumbe treni inayopita mbele ya ofisi yangu ndiyo inayoingia Moshi kwako. Hukufungwa. Ulikuwa unashona suruali za watu.

Sasa nikwambie lililonifanya nishike kalamu. Nilirudi kwa Mama jioni ile nikamletea maji katika bakuli. Unaijua kutasa, wewe na mimi tumefanyiwa. Mzazi aliyemkasirikia mtoto huchukua funda la maji, huyatema akisema maneno ya amani, na hasira humtoka moyoni isije ikamdhuru mtoto. Najua kanisa halipendi. Nilimwomba hata hivyo, afanye kwa ajili yako. Alilishika bakuli kitambo, akasema kutasa ni kwa mwenye hasira, na yeye hana. Alikuwa nayo, akasema, ikamwisha mwaka aliozikwa baba. Kisha akayanywa yale maji, akaniuliza kama ndama amefungwa.

Kwa hiyo mwenye hasira nawe katika nyumba hii nimebaki mimi peke yangu. Sitaitema. Kwangu wewe bado ni mtu wa leo, na hasira hii ndiyo inayokushikilia hapo.

Barua hii anakuletea Oloo mwenyewe. Treni ikigeuka, panda naye. Dada yetu Margaret na watoto wake wanakusalimu. Mama hakutuma salamu, nami sikumuuliza.

Njoo kabla haijaniisha na mimi.

Nduguyo,
Danson Mwandawiro