Nati Chini ya Maharagwe

Baba Ciku,

Kulia nimelia ya kutosha kule kwenu tulipokuzika. Leo nakuandikia kwa sababu nina kesi na wewe, na umefanya ujanja wa kufa kabla sijaifungua.

Wiki tisa. Kila asubuhi uliniwekea mezani ile gorogoro yangu, mkebe wa kupimia kilo mbili, maharagwe yamefika katikati, ukasema, "Nusu tu, Mama Ciku. Kilo moja. Inua hadi kwenye rafu." Mara thelathini. Mkono huu uliolemazwa na kiharusi ukapanda. Nikikuomba ujaze, unakataa: "Polepole, mama." Mimi niliyeuza nafaka kwenye kibanda pale Kware miaka kumi na minne, ninayejua uzito kwa kutazama tu, nikaamini macho yangu.

Kisha moyo wako ukasimama kule gereji, spana mkononi, bila hata kwaheri. Niliporudi kutoka mazishini nikapiga hesabu: wiki tisa, bado nusu. Mtu asiyeweza kuinua gorogoro moja, gunia la kilo tisini atalimwaga vipi? Nikamrudishia mwenye kibanda ufunguo. Sasa kuna mwanamke anauza viazi karai pale pale nilipokuwa nikiweka mizani.

Wiki iliyopita Ciku alitaka kupika githeri. Akamimina yale maharagwe kwenye sufuria, nikasikia kishindo. "Mama! Baba ameweka nati humu!" Nati za lori, Baba Ciku. Maharagwe yalikuwa ya kuzifunika tu. Nikapima zote pamoja: kilo mbili na robo.

Nilikwenda kliniki kumkabili yule dada aliyetupangia mazoezi ya mkono. Kumbe alijua! "Mama, ukiona mkebe umejaa ulikuwa unaanza kuhema kabla hujaugusa. Mzee ndiye aliyegundua." Eti macho yangu yalikuwa yanachoka kabla ya mkono. Sawa. Lakini mkono ni wa nani? Mkakaa wawili mkijua nguvu zangu, mimi mwenyewe sijui. Ungeniambia, hata kwa neno moja, kibanda changu ningekuwa nacho.

Na unajua kilichoniudhi zaidi? Jioni hiyo niliijaza gorogoro maharagwe matupu, bila nati, kilo mbili, hadi juu. Ikanishinda mara ya nne. Mkono ule ule, uzito umepungua! Nikakutukana mpaka jirani akagonga ukuta.

Hata hivyo sikuipunguza, wala sikuifunika. Naiweka mezani imejaa, naikodolea macho, nainua. Jana nilifika mara kumi na tisa. Ni nzito, na nataka niione hivyo ilivyo. Nimepata kibanda kingine Njiru. Jumatatu nafungua, na atakayenipimia wateja ni mkono huu.

Lala, Baba Ciku. Thelathini nitafika, hiyo nakuahidi. Kukusamehe sijaahidi. Siku nikikusamehe nitakuja mwenyewe hapo kaburini nikuambie, lakini Krismasi hii usinitazamie.

Mama Ciku