Gavana Niliyemtafsiri

Bluff, Durban
15 Oktoba 1998

Mpendwa mdogo wangu Rhoda,

Nakusalimu sana, wewe na mama na wote hapo Tarime. Mguu wa mama unaendeleaje? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu, ila roho imebanwa. Barua yako nimeipata na nimecheka peke yangu: kumbe yule mwalimu mwenye baiskeli isiyo na breki ndiye shemeji! Hongera, mdogo wangu. Unasema wakwe hawataki kuleta ng'ombe mpaka nije mimi, kwa kuwa baba hayupo na mwanamume wa nyumba ni mimi. Basi nisome mpaka mwisho kabla hujanikasirikia.

Unajua naishi chumba cha uani kwa Mchungaji Cyrus, yule mzee Mmarekani, na kibali changu cha kukaa nchi hii kinasimama kwa neno lake. Siku za kazi napakia malori Clairwood. Jumapili namtafsiria mahubiri kwa Kiswahili, maana waumini wetu wengi ni Wakongo waliokimbia vita, na sisi Watanzania wachache.

Mwaka huu Mchungaji ana jambo moja tu mdomoni: babu wa babu yake, aliyekuwa gavana wa jimbo kule Marekani karne iliyopita. Kila Jumapili Gavana! Gavana alibaki yatima, Gavana alilainisha ngozi za ng'ombe kiwandani kwa watu, Gavana akajisomea sheria mwenyewe, akawa wakili, akagombea, akashinda. Mimi nilichoka mapema, lakini watu walimpenda. Athanase, Mkongo anayelinda magari Isipingo, alisema huyo Gavana iko mtu ya kwetu, ameteseka kama sisi.

Kisha ikafika Jumapili ya watumwa. Mchungaji alieleza kwamba watumwa walitoroka, wakavuka mto, wakaingia jimboni kwa Gavana wakiomba hifadhi. Gavana alilia, akasali, halafu akaamuru warudishwe kwa mabwana zao, kwa sababu sheria ni sheria. Hapo akaningoja nitafsiri. Mbele yangu walikaa Athanase na mkewe Marcelline, mtoto mgongoni, na wiki ileile maombi yao ya kibali yalikuwa yamekataliwa. Eish, Rhoda! Ulimi ulikataa. Nikasema Gavana aliwaficha ghalani kwake, akawalisha, akasimama mlangoni mwenyewe. Kanisa zima lilisimama kwa vigelegele. Mchungaji naye alifuta machozi, akidhani wanaishangilia sheria.

Ningeishia hapo ningekuwa salama. Lakini baada ya ibada Athanase alinishika mkono, akanivuta hadi kwa Mchungaji, akataka nimwombe awafiche yeye na familia yake, kama babu yake alivyofanya. Mimi nikamwambia Mchungaji kuwa ndugu huyu anashukuru kwa mahubiri. Mchungaji akamkumbatia kwa nguvu, akasema mlango wake uko wazi daima. Athanase hakuningoja nitafsiri; kukumbatiwa kulimtosha kuwa jibu.

Sasa nikwambie nililomficha hata mama. Kesho yake walikuja na mabegi yao, nami nikawafungulia mlango. Wamo humu chumbani kwangu mpaka leo. Ndiyo maana siji. Nikiondoka, chumba kitafunguliwa. Nikibaki, sipumui: tunapika Mchungaji akitoka, tunakohoa ndani ya blanketi, redio inaimba kutwa. Mtoto akilia nasema ni tumbili, maana hapa Bluff tumbili wanaingia mpaka jikoni. Nikisema ukweli, wao watarudishwa kwenye vita na mimi nitafukuzwa. Nimejifungia mwenyewe, na nina hasira na kila mtu, hata na huyo Gavana.

Jana Mchungaji alisema tumbili wamezidi, na Jumamosi atakuja na ngazi kukagua dari ya chumba changu. Nilipomweleza Athanase, alifurahi! Alisema anaona haya kukaa kwa mtu muda wote huu bila kumshukuru ana kwa ana. Maskini, anaamini Mchungaji anajua. Marcelline ameshapiga pasi kitenge chake.

Nimechoka, Rhoda. Jumamosi nitafungua mlango mwenyewe. Athanase atatoa shukrani zake, nami nitazitafsiri neno kwa neno, na habari ya ghala la Gavana humohumo, kisha nisikie ni Gavana yupi atakayenijibu, wa kwake au wa kwangu.

Barua hii ikikufikia, mambo yatakuwa yameshaamuliwa. Mwambie baba mdogo akae tayari kupokea ng'ombe kwa niaba yangu. Msalimie mama, msalimie na shemeji, mwambie atengeneze breki. Na ukiniona nimetokea hapo mlangoni siku ya harusi, mdogo wangu, usikimbilie kushangilia. Nisipofika ndipo ufurahi, ujue wamebaki, nami nimebaki nao.

Ni mimi kaka yako akupendaye,
Mwita